Kidonge cha saa mbili usiku

Kondele, Kisumu
Jumapili jioni

Mpendwa Wanjiru,

Hamjambo huko Nakuru? Uliponipigia Jumatano ukaniuliza kama nywele zimeshanyonyoka, nilikuwa Kibuye nampimia mteja omena, nikakujibu juu juu. Nywele zipo. Juzi tu nimesukwa.

Daktari alinichorea ugonjwa wangu, hii saratani ya damu, nyuma ya kadi ya kliniki. Kromosomu ya 9 na ya 22, nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, zimebadilishana vipande. Kasoro hiyo huitwa kromosomu ya Philadelphia, kwa jina la mji ilikogunduliwa mwaka 1960. Pale vipande vilipoungana pamezaliwa protini isiyonyamaza. Mwenzake mzima huwashwa akazimwa. Huyu amekwama kama swichi mbovu. Kazi yake ni kuchukua fosfati kutoka kwa ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, na kuipachika protini nyingine, nazo zinapokezana amri: gawanyika, gawanyika! Ndiyo maana chembe nyeupe za damu zilifurika, bandama ikavimba hadi matonge matatu ya ugali yananishibisha. Na mimi nilidhani ni vidonda vya tumbo!

Sasa imatinib, kidonge changu, huingia katika kishimo kile kile cha protini hiyo ambamo ATP hukaa, ikakiziba. Fosfati haipachikwi, amri haitoki. Haifyeki kila seli inayogawanyika, za nywele zikiwemo, kama zifanyavyo dawa nyingi za kemo. Marekani waliiidhinisha mwaka 2001, kwa hiyo si jaribio, mwambie shangazi yako.

Ila si peremende. Asubuhi naamka macho yamevimba, usiku misuli ya miguu inakaza, na nikiimeza kabla ya kula, natapika.

Jambo moja sikukwambia. Januari nauli ya kliniki niliitia kwenye karo, nikakaa wiki tatu bila dawa. Nilijisikia mzima kabisa, Wanjiru, hata magunia nilibeba. Kipimo kilichofuata kikapanda. Daktari hakunigombeza, alichukua ile kadi, akaweka kalamu palepale penye kishimo. Dawa haikarabati kromosomu, inaziba tu. Tena kishimo chenyewe huweza kubadilika umbo dawa isishike, ndipo wanakuhamishia nyingine. Sitaki kufika huko.

Pasaka njoo, na viazi vya Molo usisahau. Omena nitakaanga mimi. Ila ikigonga saa mbili usiku nikakukatiza hadithi, usinune. Nitakuwa nimekwenda kuchota bilauri kubwa ya maji.

Wako,
Akinyi