Barua ya wazi kwa vijana wangu wa karakana ya fenicha ya Keko: hizo fulana ziacheni kwanza

Vijana wangu, marahaba nyote, najua mngeanza na shikamoo.

Picha ya fulana nimeiona. Uadilifu, Weledi, Ubunifu, Ubora, Mteja Kwanza, yote mgongoni, kitambaa kizito kabisa, na mmeniuliza mzee unaonaje. Nawajibu hapa hadharani sio kwa kuwaaibisha, ila naona mko wengi sa hivi mnaofungua vikampuni vya watu wanne watano na karibu wote mnaanzia kwenye fulana.

Kulikuwa na kampuni moja kubwa ya nishati Marekani, Enron, makao yake Houston. Nao walikuwa na maneno yao manne, heshima, uadilifu, mawasiliano na ubora. Desemba 2001 ikafilisika, kumbe mahesabu yalikuwa yanapikwa, madeni yanafichwa kwenye vikampuni vya pembeni, wafanyakazi wakakosa kazi na wengi akiba yao ya uzeeni ikaondoka hivyo hivyo. Na maneno yalikuwepo muda wote huo. Hayakumsumbua mtu kwa sababu hayakumkataza mtu kitu chochote cha kushikika.

Sasa chukueni Azimio la Arusha, 1967. Mlipende msilipende hiyo shauri yenu, mi naangalia masharti ya uongozi tu. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni. Nyumba ya kupangisha haifichiki, ina bati ina mpangaji, kwa iyo mtu akitaka uongozi alikuwa anajua kabisa anaacha nini. Na 1991 chama, CCM, kilipotaka kuyalegeza hayo masharti ilibidi watu wakae kikao Zanzibar waamue. Maadili ya kazini yanatakiwa yawe ya namna hiyo, kitu ambacho ukikivunja mwenzako anakiona na wewe mwenyewe kinakugharimu hela.

Na nyinyi hela ndo iliko shida yenu, tusizungushane.

Yule mama wa Mbagala wa kitanda cha sita kwa sita. Kalipa zaidi ya nusu, siku ya kuchukua imefika akapiga simu, wa kwanza wenu kamwambia vanishi haijakauka, akampigia wa pili akaambiwa mbao bado ziko njiani, wa tatu kamwambia mama njoo kesho saa nne utakikuta. Kitanda kimoja, karakana moja, kina hali tatu! Kila mmoja kadanganya kivyake, wala hamkupatana uongo (na sisemi mpatane uongo). Huyo mama hana hasira na kitanda tena, ameshajua pale hakuna ofisi, kuna watu wanne wamekodi banda.

Na mnajua kwa nini mbao zilikuwa hazipo? Kwa sababu kianzio chake kilinunua godoro la sofa za mteja mwingine, ambaye kianzio chake nacho kilishamalizia kabati la mtu wa kabla yake. Ndo ugonjwa wa mafundi karibu wote mjini, mteja mpya anamlipia mteja wa zamani, siku oda mpya zikikatika mnabaki na simu zisizopokelewa. Watu wanasema mafundi waongo, mi nasema uongo unakuja mwishoni, unaanzia kwenye droo ya hela. Kwa iyo mkiniuliza la kwanza la kukubaliana basi ni hilo, kianzio cha mteja kinanunua vitu vya mteja huyo huyo, kama hakitoshi oda haipokelewi. Litawauma, kuna mwezi mtakosa hata hela ya kula vizuri. Msipokubali kuumia hapo basi vaeni tu fulana.

La pili ni mbao. Mteja analipia mninga kwa sababu mninga ukishakauka hauchezi, mlango wa kabati hautajikunja mwakani. Ukimwekea paini iliyopakwa rangi hatajua siku ya kwanza, wewe fundi unajua na aliyepaka vanishi anajua. Sasa kama wewe kwako hilo ni wizi na mwenzako anaona ndo biashara, hamwezi kukaa pamoja, maana mmoja atakuwa anajenga jina na mwingine analiuza, alafu siku ya lawama mnalaumiwa wote. Hapa ndo naona umuhimu wa kuwa na msimamo mmoja. Sio mpendane. Dini tofauti sawa, Simba na Yanga sawa, hata msipoongea jioni sawa, ila jibu la mbao liwe moja hata bosi akiwa msibani Tanga.

Cha juu nacho kisemeni. Anayeleta mteja anapata ngapi, anayepewa namba na mteja akafanya kazi pembeni kwake nyumbani tunamfanyaje. Haya mnayaonea aibu kuyaongea ndo mana yanaongewa nyuma ya banda. Na deiwaka, wale wa kibarua cha siku, muwaambie hayo hayo siku wanaingia, sio anakuja kuyajua akishakosea.

Alafu kuna sentensi moja kwenye bango lenu naomba muifute kabisa, ile ya sisi ni familia. Kila mahali nilipoisikia ilikuwa tarehe ya mshahara imepita. Kijana wa msasa analipwa Jumamosi mliyomuahidi, hayo mengine atajipangia na mama yake.

Kaeni kabla ya mwisho wa mwezi, watu wote, hata anayeendesha kirikuu, kile kigari cha mizigo. Mama wa Mbagala mpigieni leo, apige mmoja, aseme tarehe moja na aseme kweli hela ilienda wapi, akitaka kurudishiwa mchange mrudishe. Na kwenye kikao kama kuna mtu atasema hayo masharti hayawezi, msimbembeleze na msimtukane, anaweza kuwa mkweli kuliko nyie mnaoitikia. Pigeni hesabu ya mchango wake kwenye mashine ya randa, mumpe chake na vifaa vyake aende, kazi alizoshaanza azimalize kwa malipo yale yale.

Babu yenu.