Aliyekata jina langu kwenye picha ni jirani

Ndugu Mhariri,

Msimu wa zabibu uliopita nilikwenda Hombolo, nikapiga picha ya mama mmoja akivuna. Wiki haikuisha nikaikuta kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Area C, jina langu pale pembeni limekatwa. Aliyeirusha ni jirani yangu. Nilipomuuliza akacheka: “Si umeiweka mtandaoni mwenyewe?”

Wengi ndivyo wanavyodhani. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi tangu anapoitunga kazi, hata kama hajaisajili popote, na ulinzi huo hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Kunukuu inaruhusu, ilimradi iwe kwa kiasi na chanzo kitajwe. Kubeba makala nzima ya gazeti, kichwa hadi mkia, kisha kuandika “kama nilivyoipokea”, huko si kunukuu. (Gazeti lako nami nimelisoma kwa njia hiyo mara nyingi, Mhariri. Niwie radhi.)

Siku hizi natuma kiungo na sentensi mbili za kueleza kilichonivutia. Wenzangu hulalamika kwamba viungo vinamaliza bando. Kweli vinamaliza. Ila mwandishi naye alipanda basi hadi Kondoa kuifuata habari hiyo, na kondakta hakumsamehe nauli.

Jirani ameituma picha upya, safari hii ikiwa na jina langu. Amekosea herufi moja.

Mpiga picha,
Area C, Dodoma