Mhariri, oveni hatuna ila kinu kipo

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, gazeti nanunua pale Sabasaba nikiwa nasubiri daladala, nikikosa la leo naazima la jana kwa jirani, kwa hiyo nikilalamika usidhani nimekuchoka. Ule ukurasa wenu wa mapishi ulitoa namna ya kutengeneza vitafunwa vya chokoleti vya watoto, nikafurahi, nikatafuta kalamu kabisa, afu mstari wa kwanza unaniambia niwashe oveni nyuzi 180, wa pili unataka blenda, wa tatu unataka chokoleti ya kupikia na sukari kikombe na nusu. Nikalikunja gazeti nikaenda kuchambua mchicha.

Huku kwetu Ipagala nyumba zenye oveni ninazozijua mimi hazifiki tano, na mojawapo mwenyewe anatunzia masufuria humo. Lakini niambie nyumba gani haina kinu. Ndo maana naandika, maana hivyo vitafunwa mi natengeneza mwaka wa pili sasa, siwashi hata jiko zaidi ya kukaanga karanga, na sukari ya dukani haiingii hata kijiko. Watoto wanaviita golori kwa sababu ya umbo, basi na sisi wakubwa tumezoea hivyo hivyo.

Ninavyofanya ni hivi. Tende robo kilo, natoa kokwa moja moja (usimwachie mtoto hii kazi, kokwa moja ikibaki ni jino la mtu), zikiwa kavu sana naziloweka maji ya vuguvugu dakika kumi na tano hivi kisha nakamua vizuri, zikiwa laini siloweki kabisa. Mara ya kwanza nililoweka usiku kucha, asubuhi nikapata uji, tukaupaka kwenye mkate siku tatu. Karanga kikombe kimoja, nakaanga zikauke vizuri, nafikicha, napeta kwa ungo maganda yatoke. Natwanga karanga kwanza mpaka zianze kutoa mafuta, ndo naongeza tende kidogo kidogo na kijiko cha unga wa kakao, natwanga tena, mpaka kakao vifike vijiko vitatu vya chakula na chumvi chembe kidogo tu ya kuchangamsha utamu. Donge likishikana mkononi bila kunata sana limeiva, likiwa linameguka ongeza tende, likiwa linanata kama ubani ongeza karanga. Nafinyanga vidonge, navigaragaza kwenye ufuta wa kukaanga au kwenye unga wa ubuyu, na hapa kwenye ubuyu ndo naomba watu wa Dodoma wanisikilize, ile chachu ya ubuyu juu ya kakao ni kitu kingine, mtoto wangu wa mwisho huwa anaulamba kwanza wote afu anarudisha golori kwenye sahani iko uchi.

Kinu kiwe cha vitu vitamu peke yake. Nasema hivi kwa sababu nilishawahi kutumia kile cha vitunguu saumu, nilikiosha kwa maji ya moto na ndimu nikajiridhisha, wageni wakala wakanyamaza, mume wangu ndo akasema mama nanihii hii chokoleti ina mambo ya pilau.

Kuhusu kakao, angalieni kopo kabla ya kulipa. Kuna unga wa kakao mtupu, mchungu, na kuna ile chokoleti ya kunywa ambayo tayari imejaa sukari, makopo yanafanana, ukichukua ya pili umerudi kule kule. Na kinachoniuma ni kwamba kakao inalimwa hapa hapa Tanzania, Kyela kule Mbeya ndo kwenyewe, ila nyingi inasafirishwa nje ikiwa punje, sisi tunakuja kununua unga ulioandikwa lugha tusizozisoma. Hiyo si kazi ya ukurasa wa mapishi najua, nimeipitia tu.

Kitu kingine, hizi golori zinalifaa joto letu. Chokoleti ya dukani inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, yaani hata haifiki joto la mwili wa mtu, sasa mwezi wa kumi mpe mtoto aweke kwenye begi uone daftari la hisabati litakavyorudi, mi niliona. Unga wa kakao sehemu kubwa ya mafuta yake ilishakamuliwa kiwandani, na golori yenyewe imeshikwa na tende, kwa hiyo inafika saa nne ya mapumziko ikiwa bado na umbo lake. Bila friji nazikalisha kwenye kopo lenye mfuniko siku tatu nne, tende zikiwa zimelowekwa nisizidishe siku mbili, kwenye friji zinafika hata wiki mbili kama mna nidhamu, sisi hatuna.

Sasa nisije nikaonekana nauza dawa. Tende ni tamu kwa sababu ina sukari, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, tofauti ni kwamba inakuja na nyuzinyuzi zake na mtoto anashiba mapema. Shangazi yangu ana sukari, alikuja likizo, akala tano mfululizo, nikamwambia shangazi taratibu, akanijibu si umesema mwenyewe hazina sukari? Toka siku hiyo nasema hazijawekwa sukari, sisemi hazina. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia kumi ya nguvu tunayopata kwenye chakula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia tano ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita vya chai, na humo wanahesabu asali na juisi pia. Tunda zima au lililokaushwa hawalihesabu humo, ila meno hayajui mahesabu hayo, wapigeni mswaki. Na wale wanaosema waweke asali ya Singida badala ya tende sawa, ila mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba.

Karanga nazo msinunue kwa macho ya juu juu. Mwaka 2016 huku Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ile ilikuwa kwenye mahindi, lakini karanga nazo zinaipata sana, na kukaanga hakuiondoi yote. Mi namwaga kwenye ungo, zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi natupa, hata kuku siwapi. Wenye watoto wadogo watwange mpaka ilainike, punje nzima inakaba. Ni kazi ndio, ila karanga ni zetu, Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, 1951 wakaachana na huo mradi, na mpaka leo bibi zetu wa Kigogo wanazivuna kwa jembe la mkono.

Nilipokwama ni kwenye zabibu. Mkoa mzima unalima zabibu, msimu ukifika bei inashuka wakulima wanalia, nikasema mbona nanunua tende za kutoka nje wakati naweza kukausha zabibu mwenyewe. Zile za mavuno ya mwezi wa nane na wa tisa jua linazikausha vizuri, nilitandika kwenye chanja nikafunika na chandarua chakavu kwa ajili ya nzi. Za mwezi wa pili na wa tatu mvua ilinionea, zikaota ukungu nikazika shimoni. Tatizo ni mbegu. Ile nyekundu ya Makutupora ambayo wengi wanailima ni ya mvinyo, ina mbegu, ukitwanga zinaleta uchungu na mchanga mdomoni, ukitoa moja moja kucha zinaisha, kilo moja ilinichukua taarabu zote za redioni mchana kutwa.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni mawili, hayo mapishi ya oveni endeleeni nayo kwa wenye nazo ila mtutengee hata kona ya watu wa kinu, na kama kuna msomaji wa Hombolo, Mpunguzi au Bihawana ana njia ya kutoa mbegu kwenye zabibu bila kuumiza vidole, aandike hapa hapa kabla ya mwezi wa nane, chanja bado ninacho.

Mama wa watoto watatu,
Ipagala, Dodoma.