Barua ya Malalamiko Kuhusu Picha za Leso na Vikoi

Duka la Leso na Vikoi,
Biashara Street,
Nairobi.
17 Juni 2024

Meneja,
Kampuni ya Upigaji Picha,
Nairobi.

Bwana/Bi Meneja,

KUH: PICHA 96 ZISIZOFAA KWA KAZI TULIYOLIPIA

Tarehe 10 Juni mlitukabidhi picha 96 tulizolipia shilingi 48,000, za mtandaoni na za katalogi ya A4. Tumezikagua zote. Katalogi haiwezi kuchapishwa kwa picha hizi.

Tunaanza na jina la leso, yale maneno yaliyochapwa juu yake, maana hapo ndipo penye biashara. Mnunuzi husoma jina kabla hajauliza bei. Maua yakimvutia na jina lisimridhishe, haichukui. Kwenye picha zenu, maandishi mekundu juu ya kitambaa cheusi yamevujiana, na ukivuta karibu unaona vijisanduku pale palipokuwa na herufi. Chanzo si kigeni kwa mpigapicha yeyote: faili la picha la JPEG linapobanwa ili liwe dogo, undani wa rangi hutupwa kabla ya undani wa mwanga na giza. Nyekundu na nyeusi hutengana kwa rangi kuliko kwa mwangaza, kwa hiyo ndizo huumia kwanza. Nanyi mlizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida. Jina la faili lenyewe ni ushahidi: IMG-20240610-WA0037. Upande wake mrefu una pikseli 1600. Ukurasa wa A4 wa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508; hizo 1600 zinatosha sentimita 13 na nusu.

Rangi nazo. Picha 31 zilipigwa kando ya dirisha huku balbu za manjano zinawaka. Kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, mchana ni kama 5500, balbu hizo karibu 2700, na kamera iliachwa ijipangie weupe yenyewe. Kisutu, leso ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, kimetoka na rangi ya samawati upande wa kushoto na ya chungwa upande wa kulia. Hapa kuhariri hakusaidii: ukisawazisha upande mmoja, wa pili unazidi kuharibika. Hakuna bibi harusi atakayepokea kisutu cha rangi ya chungwa, na anayeagiza kwa picha hii akaletewa nyekundu ana haki ya kukirudisha.

Isitoshe, leso zote zimekatwa mraba. Leso ya sentimita 150 kwa 110 ikifanywa mraba hupoteza sentimita 20 kushoto na 20 kulia, yaani pindo zima la pande hizo mbili. Leso bila pindo ni kitambaa tu. Vikoi vinne vina mawimbi yasiyokuwepo kwenye kitambaa, kwa kuwa nyuzi zimegongana na mpangilio wa pikseli. Kamera ingesogezwa kidogo tu yangepungua au kutoweka.

Tunadai yafuatayo. Picha 31 na za vikoi vinne zipigwe upya bila malipo: kitambaa kimepigwa pasi, dirisha limefunikwa, taa mbili za aina moja kila upande kwa pembe ya digrii 45, kamera ikitazama kitambaa moja kwa moja, na picha ya kwanza iwe na kadi ya kijivu ya kusawazishia rangi. Zilizobaki zihaririwe upya kutoka faili ghafi, zile za kamera kabla ya kubanwa, bila kukata pindo. Mtupe faili za TIFF, zisizopoteza undani, kwa katalogi, na JPEG za sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini, zenye ubora wa juu kwa mtandao, zote kwa diski ya nje, kila faili likiitwa kwa nambari ya bidhaa iliyo kwenye orodha tuliyowapa. Kutafuta leso moja kati ya majina ya WA ni kupoteza siku.

Kama faili ghafi mlizifuta, semeni sasa, ili kazi yote ianze upya. Ikiwa hamtaweza kukamilisha kufikia tarehe 28 Juni, turudishieni shilingi 48,000 zote. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku tatu.

Wenu waaminifu,
Idara ya Mauzo