Nyaraka za manamba zisiishie jalalani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie karatasi za manamba, yaani vibarua waliokata mkonge mkoani Tanga, zinazotoweka kila unapotokea msiba.

Babu yangu aliletwa Korogwe kutoka Kigoma na Silabu, ofisi ambayo wenye mashamba waliianzisha mwaka 1944 ili kuandika vibarua wa mbali. Alipofariki na matanga kwisha, tulisafisha chumba chake, na sanduku lake la bati tukalimwaga motoni. Ndani yake mlikuwa na vipande vyake vya kazi, yaani kadi zenye alama za siku alizofanya kazi hadi kutimia 30, na barua za dada yake zilizoandikwa na katekista wa kijijini, ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nikimsomea nilipokuwa shule ya msingi: nani kaoa, nani kazikwa, na zile fedha alizotuma zimenunua nini. Nilikuwepo wakati zikichomwa, wala sikuzuia.

Anayetafuta historia ya mkonge katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, atakuta majalada ya serikali. Katika kumbukumbu za waajiri babu alikuwa namba, na ndiyo asili ya jina lenyewe, manamba. Habari za dada aliyemsubiri hazimo.

Napendekeza Tanga iwe na hifadhi ya mkoa itakayopokea nyaraka za familia. Chumba kikavu kisichoingiliwa na mchwa, mtunza nyaraka aliyesomea kazi hiyo, skana na kinasa sauti vinatosha kuanzia. Familia isiyotaka kuachana na karatasi zake ichukuliwe nakala na kurudishiwa, tena kwa makubaliano ya maandishi kuhusu nani aruhusiwe kuzisoma na lini, kwa kuwa barua hubeba siri za ndoa na madeni. Wasiojua kuandika warekodiwe, hata kwa Kiha au Kibena.

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Wangechelewa miaka 20 zaidi, wangekuta makaburi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967, leo anakaribia 80 au ameshaivuka.

Naomba uongozi wa mkoa utujibu kupitia gazeti hili. Kipande kimoja cha babu kilinusurika ndani ya kitabu chake cha sala, nami niko tayari kukikabidhi.

Msomaji wako,
Korogwe, Tanga