Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kupanda milima,

Shughuli za kawaida mnazijua. Matembezi ya Ngong na Longonot yalifanyika, mafunzo ya huduma ya kwanza yalifanyika, mahema yalitengenezwa. Ada na michango ilileta shilingi 214,000. Safari ikala 131,000, zana 38,000, mengineyo 19,500, na salio liko benki. Namshukuru katibu.

Nije kwenye lililozua maneno mwaka mzima: kukodi kiongozi wa kutuongoza njiani kwa safari ya Mlima Kenya. Imesemwa kwamba mwenyekiti alitapanya fedha ilhali njia ya Sirimon wengi wetu tunaijua. Kule Kilimanjaro mjadala huu haupo, kwani kanuni za hifadhi zinamtaka kila mpandaji awe na kiongozi mwenye leseni. Mlima Kenya ulikuwa umezoeleka kwa makundi kujiamulia. Basi mzigo wa kuamua ulikuwa wetu, na ndani ya kamati mimi ndiye niliyesimama kidete kwamba kiongozi akodiwe.

Kujua njia hakutoshi. Kutoka kambi ya Old Moses, mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, hadi kambi ya Shipton, mita 4,200, unapanda mita 900 kwa siku moja, na madaktari hushauri kwamba ukishavuka 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Kiongozi ndiye aliyeshikilia tulale Old Moses usiku wa pili, gharama mnayoilalamikia. Hata hivyo, saa kumi alfajiri, kwenye changarawe chini ya kilele cha Lenana, mwenzetu mmoja alilalamika kichwa, akasisitiza yuko sawa. Kiongozi akamwambia atembee kwa mstari, kisigino kikigusa vidole. Hatua ya tatu akayumba, dalili kwamba ugonjwa wa mwinuko umeanza kugusa ubongo. Msaidizi wa kiongozi akamteremsha papo hapo, wengine tukaendelea hadi kileleni, mita 4,985. Jioni tulimkuta Old Moses anakunywa uji. Nani kati yetu, marafiki zake, angethubutu kumrudisha mtu aliyekwisha lipia kilele? Na tungemrudisha na nani, bila kuvunja kundi zima gizani?

Wanaotaka kwenda bila kiongozi sijawazuia. Wenye ujuzi wa kamba wanaotamani Batian na Nelion, vilele vya mwamba vilivyo juu kuliko Lenana, wajipange wenyewe, ila si kwa jina wala mfuko wa chama.

Kinachoniuma ni hiki: kikao kilichopitisha uamuzi wa kukodi kiongozi kilihudhuriwa na watu 11 kati ya wanachama 64. Notisi ilitumwa mara mbili, na simu nilipiga mimi mwenyewe. Waliolipa ada ni 27. Baadhi ya wanaopiga kelele zaidi kuhusu gharama hawamo kwenye daftari la mweka hazina tangu mwaka juzi, na kiongozi yule tulimlipa kwa pesa za wenzao.

Mwakani, Mungu akipenda na fedha zikipatikana, tunatumaini kutazama upande wa milima ya Rwenzori, kule Uganda. Kamati italifikiria.

Wenye madeni wamwone mweka hazina kabla ya chai.

Mwenyekiti