Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mlinituma nikatafute jibu la swali moja: ikiwa Sera ya Afya ya Tanzania ya 2007 inasema mjamzito asilipe, mbona binti zetu wanakwenda kujifungua na beseni lenye glavu, wembe, pamba na uzi wa kitovu walivyonunua wenyewe?

Jibu lenyewe ni chungu. Sera si sheria. Ibara ya 11 ya Katiba yetu inataja msaada wakati wa maradhi, lakini ibara ya 7 imekwisha kuzifunga mikono mahakama: sehemu hiyo haitiliwi nguvu ya kisheria. Wenzetu wa Kenya wana ibara ya 43, inayotaja afya ya uzazi waziwazi. Kwa msingi huo, mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Bungoma iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma, na kupigwa pia, alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya. Uganda walifungua kesi yao 2011, ikatupwa, wakakata rufaa, hadi Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba kutowapa wajawazito huduma za msingi ni kuvunja Katiba. Miaka tisa! Sisi tunayo Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, tuliyoridhia 2007, ila kamati tendaji imeona tusikimbilie mahakamani.

Tumeanzia karibu zaidi. Baadhi yetu tumeingia kwenye kamati ya usimamizi ya kituo cha afya. Siku ya kwanza tulikuta orodha ya vifaa imebandikwa mlango wa wodi ya wazazi, na chini yake mtu kaongeza kwa kalamu: “na kanga mbili safi.” Mganga mfawidhi hakubisha. Alitufungulia stoo, tukaona rafu. Oda huja pungufu, na muuguzi hawezi kuzalisha kwa mikono mitupu. Tulikubaliana orodha itolewe, na asiye na vifaa asirudishwe. Imetolewa. Akina mama bado wanabeba mabeseni, na binti yangu ningemwambia abebe vilevile.

Tusiseme hakuna kilichobadilika. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulipata 104. Mfumo wa m-mama, wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, nao upo: unapiga 115 bila malipo, na gari la wagonjwa likikosekana anatumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye mfumo ndio unamlipa. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, kwa hiyo namba hiyo iandikwe kwenye kadi ya kliniki, wala isiachwe kwenye simu ya mume aliye safarini. Wajumbe wa mitaa mmeifanya kazi hii vizuri, isipokuwa kule bondeni, ambako hatukufika kwa sababu ya mvua.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Ninachoomba mpitishe leo ni barua kwa halmashauri, ikitaka fungu la vifaa vya kujifungulia lionekane peke yake kwenye bajeti, lisichanganywe na “matumizi mengineyo.” Rasimu mnayo mkononi. Diwani amekubali kuipeleka kikaoni, mradi ifike kwake kabla bajeti haijafungwa.